Chumba cha Mvuke cha Dobi

Dobi huanza kazi na mashuka. Yapo ya nyumba ya wageni, yapo ya zahanati, yapo ya majirani. Huyachemsha kwenye pipa la chuma nyuma ya duka, huyaanika uani, kisha huyapiga pasi mezani. Shuka la kitanda kikubwa linataka watu wawili kulikunja. Mmoja anashika pembe huku, mwingine kule, wanavuta, wanakutana katikati. Zamani mwenzake alikuwa dada yake. Siku hizi Dobi hutundika pembe mbili kwenye misumari ukutani, akakunja peke yake. Shuka hutoka limepinda kidogo. Wateja hawasemi, lakini yeye huona.

Dada yake hajafa wala hajahama. Ana duka la kushona mapazia ng'ambo ya barabara. Dobi akiinua macho kutoka kwenye pasi, anauona mgongo wake umeinamia cherehani. Asubuhi ndugu hao wawili hufungua milango kwa wakati mmoja, na hawasalimiani. Imepita zaidi ya mwaka.

Ilikuwaje? Sikilizeni, maana jambo hili halikuwapata wao peke yao.

Korona ilipoingia, watu walishikwa na hofu. Mwenye hofu hutafuta neno la kushika. Waliopaswa kutupa neno hilo walikaa kimya, au walisema leo hivi, kesho vile. Wengine walituambia mchana kwamba sindano haifai, kisha wakachanjwa wao na wake zao, milango imefungwa. Hatujawasahau. Walituacha na simu zetu, na simu haichagui. Inapokea ukweli, inapokea uongo, vyote vinalia mlio mmoja mfukoni.

Mtaani, simu hiyo ilikuwa na mdomo. Mdomo wenyewe ni wa kinyozi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Redio alikuwa akikunyoa huku akikusikilizisha sauti za watu asiowajua. Sindano inazuia uzazi. Sindano inamfanya mtu kuwa sumaku. Siku moja alimbandikia mteja aliyechanjwa kijiko begani, kikanata, watu wakashika vinywa. Hakuna aliyeuliza mbona bega lile lilikuwa limetoka kupakwa mafuta ya kinyozi.

Dobi hakuamini mambo ya sumaku. Yeye alikuwa na imani yake, na aliipata kazini. Moto wa dobi humaliza kila kitu. Unamaliza chawa, kunguni, ukungu, uvundo. Shuka lililochemshwa halina mdudu. Basi akawaza: kama mvuke unasafisha shuka, utashindwaje kusafisha kifua? Kosa hilo asingelifanya mwashi wala muuza samaki. Ni kosa la dobi.

Akaziba dirisha la chumba cha kuchemshia kwa gunia, ili mvuke usipotee. Akapanga viti kulizunguka pipa. Majirani wakaja kujifukiza, goti kwa goti, wamejifunika shuka moja. Hakumtoza mtu chochote. Alifanya kwa moyo mweupe, na ndiyo maana inauma.

Mama yao, Bi Mkubwa, alikuwa akiishi kwa Dobi. Chanjo ilipofika zahanati, Dada alivuka barabara kuja kumchukua. Dobi akakataa. Akasema mama ni mzee, ile dawa hatuijui, na mvuke upo. Dada akamwambia kwamba kuchemsha mashuka hakujamfanya daktari. Wakabishana mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza.

Bi Mkubwa akaikata kesi mwenyewe. Alipokuwa msichana aliona ndui ikitoboa watu nyuso, na ikizika nyumba nzima. Kisha wakaja wachanjaji. Alivuta gauni akawaonyesha kovu la zamani begani.

"Bila kovu hili, nyinyi wawili msingezaliwa mkaja kunipigia kelele," alisema. "Binti yangu, nipe kitambaa changu cha kichwa, twende."

Akachanjwa. Wiki haijaisha, Dobi akamkalisha chumba cha mvuke. Alitaka joto liiyeyushe ile dawa mwilini. Mama hakupenda, lakini alimpenda mwanawe, akakaa. Kiti cha pili alikaa Redio. Alikuwa akikohoa, akasema ni vumbi la nywele za wateja.

Siku chache baadaye Bi Mkubwa alishikwa na homa. Pumzi ikawa fupi. Akafa.

Makaburini, udongo ukiwa bado mbichi, Dobi alimgeukia dada yake mbele ya waombolezaji wote.

"Umemuua mama kwa sindano yako."

 Dada alimaliza msiba, akaosha vyombo vya wageni, akavuka barabara kurudi kwake. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwa mdogo wake.

Dobi alidhani hasira ingemtosha. Haikumtosha. Alimlilia mama, na katika kulia aligundua kwamba kumkumbuka mtu pia ni kazi ya wawili. Mama alikuwa na wimbo aliouimba akitia nguo wanga. Dobi alikuwa na mwanzo wake na mwisho wake. Katikati palikuwa pamepotea. Angemuuliza nani? Mkewe alikuja mama akiwa mtu mzima. Watoto walimjua bibi tu. Duniani alibaki mtu mmoja aliyemjua mama akiwa kijana mwenye mbio na hasira, na mtu huyo alikuwa amempa mgongo, ng'ambo ya barabara. Mara nyingine Dobi alisimama mlangoni, mguu mmoja nje, kama anayeangalia mvua. Mvua haikuwepo.

Mkewe alikuwa na kisukari. Yeye pia alitaka kuchanjwa, lakini hakusema. Katika nyumba ile neno sindano lilikuwa kama neno la matusi.

Kisha habari zikaja kwamba korona imeanza kupanda tena. Nesi wa zahanati alileta makoti yake meupe kupigwa pasi. Akiwa anasubiri, alimwuliza mke wa Dobi hali ya sukari yake, na kama ameshachanjwa. Mama wa watu akainamisha macho. Dobi akajibu kwa niaba yake, akasema nyumba hii imeshazika mtu kwa sindano.

Nesi hakukasirika. Akavuta kiti akakaa, akauliza maswali ya kawaida tu. Mama alichanjwa lini? Aliugua lini? Alikaa na nani hapo katikati? Dobi alipofika kwenye chumba cha mvuke, Nesi akamwomba amwonyeshe. Akatazama lile gunia dirishani, na vile viti, kisha wakarudi kwenye meza ya pasi.

"Fundi, nani mwingine aliugua kati ya waliokaa mle siku ile?"

Dobi akafikiri. Redio aliugua, na aliugua kabla ya mama. Mshona viatu aliugua, na mkewe. Mama wa duka la mkaa alilazwa.

"Hao walikuwa wamechanjwa?"

"Hapana. Hakuna hata mmoja."

Dobi aliishikilia pasi juu ya koti bila kuisogeza.  Mkewe akaichukua taratibu, akaisimamisha kabla haijaunguza koti.

Nesi hakumwongezea mzigo. Alisema hawezi kuapa ni dakika gani mama aliambukizwa, na hakuna anayeweza. Lakini anaweza kuapa jambo moja: chanjo ya korona haina uwezo wa kumpa mtu korona. Korona inabebwa na pumzi za watu. Chumba kilichozibwa, watu goti kwa goti, mmoja anakohoa, hapo ugonjwa umepewa kiti na meza. Mvuke haufiki vilipojificha virusi mwilini. Ungekuwa na moto wa kuviua, ungemuua mwenye mwili kwanza. Unaunguza koo tu.

"Sasa mbona chanjo haikumkinga?" Dobi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Chanjo si ukuta, Fundi. Mwili una mlinzi wake. Chanjo inamwonyesha mlinzi picha ya mwizi, ili akija amtambue. Mlinzi anahitaji wiki mbili hivi kuisoma picha hiyo, na chanjo nyingine zinataka aonyeshwe mara ya pili. Mama alikutana na mwizi mapema mno."

Mke wa Dobi akauliza kuhusu mtu wa kisukari. Nesi akamweleza kwamba mtu kama yeye ndiye anayehitaji chanjo zaidi, kwa sababu korona ikimkuta humwelemea. Mkono utauma. Anaweza kupata homa au uchovu siku moja au mbili. Madhara makubwa ni nadra sana, lakini yapo, ndiyo maana mtu hukaa kwenye benchi kidogo baada ya sindano, aangaliwe. Hata akichanjwa anaweza kuugua, ila mara nyingi ugonjwa huja mwepesi. Na madirisha yawe wazi.

Dobi akasema, kwa ukali uliokuwa umebaki, kwamba maneno haya yangeletwa mapema. Nesi alikubali. Alisema walikaa zahanati wakisubiri watu waje, na watu hawakuja kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaeleza. Sisi tunaongeza hivi: waliokuwa na magari na vipaza sauti walivitumia kwa mambo mengine. Hilo nalo likumbukwe.

Nesi alipoondoka, mke wa Dobi alizungumza.

"Baba watoto, mwaka mzima nimekuacha umlilie mama. Ni haki yako. Sasa nakuuliza. Ukinililia mimi, utamlaumu nani?"

 Dobi alikwenda chumba cha nyuma akalivuta lile gunia dirishani. Kisha, kabla moyo haujageuka, akavuka barabara.

Dada hakuinua kichwa. Cherehani iliendelea kunguruma. Dobi alisimama katikati ya mapazia yanayoning'inia, akaeleza yote, chumba, viti, kikohozi cha Redio. Akasema amekosa. Akasema usiku na mchana anamtamani mtu wa kumtajia mama. Mashine ikasimama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Dada."

"Sikiliza, kitinda mimba. Mimi nilimuuguza mama wiki ile ya mwisho, kisha watu wakanitazama kama mchawi. Sokoni walinipisha njia. Hapa umekuja peke yako, umeninong'oneza. Ulinichafua mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu."

Kisha cherehani ikaanza tena.

Siku ya chanjo, uwanja wa zahanati ulijaa. Nusu walikuja kuchanjwa, nusu walikuja kutazama nusu nyingine. Redio alikuwa ameshapanda kwenye jiwe, akiwauliza waliopanga foleni kama wameshaandika wosia. Akamwona Dobi anakuja na mkewe, akafurahi. Akatangaza kwamba huyu hapa ndiye shahidi, mama yake alimalizwa na sindano hii hii.

Watu wakageuka. Dada alikuwa nyuma kabisa, amesimama kando ya uzio.

Dobi hakuwa msemaji. Alishika mkono wa mkewe kwanza.

"Mama yangu hakuuawa na sindano," alisema. "Niliyasema hayo makaburini, na wengi wenu mlikuwepo. Nilisema uongo bila kujua ni uongo. Mama aliugua chumbani kwangu, kwenye mvuke wangu, pamoja na wengine waliougua. Dada yangu alifanya lililo sawa. Mimi ndiye niliyembebesha maiti isiyo yake."

 Redio alishuka kwenye jiwe. Kwa mara ya kwanza tulimsikia akisema kwa sauti ndogo.

"Dobi. Siku ile nilikuwa nakohoa. Ina maana ni mimi?"

Ingekuwa rahisi kumjibu ndiyo. Dobi alimtazama.

"Wewe ulikaa nilipokuwekea kiti," akasema. "Mimi ndiye niliyeziba dirisha."

Redio hakupanga foleni siku hiyo. Alikwenda nyumbani, na kibanda chake cha kunyolea kilifungwa mpaka kesho yake. Wiki iliyofuata alionekana zahanati, amevaa kofia imemfunika macho, asijulikane. Tulimjua wote. Hakuna aliyemcheka, au tuseme tulicheka akishapita.

Mke wa Dobi alichanjwa, akapelekwa kwenye benchi la kusubiri. Alipokaa, mtu akakaa pembeni yake. Alikuwa Dada. Aliuliza wifi yake kama mkono unauma. Kwa Dobi hakusema neno, ila alisogea, benchi likabaki na nafasi ya mtu mmoja.

Korona ilirudi kweli mtaani. Baadhi ya wasiochanjwa walilazwa. Mke wa Dobi aliugua pia, wiki nyingi baada ya dozi zake. Alikohoa, akachoka, sukari ikapanda kidogo ikatulia. Hakulazwa. Chumba chake kilikuwa na madirisha wazi mchana kutwa, na waliomhudumia walivaa barakoa. Dada alikuja kila siku kumletea supu na maji, kisha akakaa nje, chini ya dirisha, pamoja na mdogo wake.

Siku za kwanza walikaa tu. Mama hakurudi. Hakuna sindano ya hilo, wala msamaha wa hilo, na walilijua kila mmoja kwa upande wake. Halafu alasiri moja Dobi aliuliza, kama anauliza hewa, kama Dada anakumbuka mama alipowafukuza kwa mwiko kwa kulamba sukari ya wageni. Alimpata nani kwanza?

"Wewe. Ulikuwa na miguu mifupi."

"Hapana, Dada. Mimi nilipita chini ya meza. Alikupata wewe, ukalia mpaka jirani akaja."

"Aliyelia ni wewe. Jirani alikuja kukutazama wewe, mdomo umejaa sukari, unaapa hujaila."

Dobi akasema kumbukumbu za watu wazima huwa zinachuja. Dada akamwambia yeye amemzidi umri, aliona mambo Dobi akiwa bado anajikojolea. Sauti zikapanda. Dada alikuwa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja, na Dobi alikuwa ameinuka kuonyesha meza ilikuwa wapi, mlango ulikuwa wapi, na mama alitokea upande gani na ule mwiko.

Kutoka dirishani, mgonjwa akawauliza kwa sauti iliyokauka kama hao ndio watu walioletwa kumpumzisha.

Wakashusha sauti. Lakini hawakuacha.