Wazaliwa wa Tarehe Moja Januari

Ndani ya gudulia la kioo, figo ilikuwa inaota taratibu kama uyoga. Kioteshafigo cha hospitali ile ya Musoma kilihitaji damu kidogo tu ya mgonjwa. Baada ya miezi minne kilimpa kiungo kipya ambacho mwili wake usingekikataa.

Kazi ilikuwa kukiagiza. Kompyuta ya mapokezi ilituma ombi, na ombi lisilo na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa lilirudishwa hapo hapo: "Tarehe si sahihi." Sasa wazee waliozaliwa visiwani, kwenye kambi za wavuvi, mbali na zahanati, wangeitoa wapi hiyo siku? Walikuwa wakirudi nyumbani na miguu yao iliyovimba.

Mhandisi Winfrida Magoti hakuweza kuvumilia kuwaona. Akaiagiza kompyuta ifanye walichofanya makarani wa nchi hii tangu enzi: mwaka ukadiriwe, na asiyejua siku aandikiwe tarehe moja Januari. Maombi yote yakapita. Wenzake walimpigia makofi, na kusema kweli alistahili.

Asubuhi ya upandikizaji wa Nyabise Majura, walifika Nyabise Majura wawili.

Walikuwa watoto wa ndugu, mkubwa na mdogo, na kila mmoja alipewa jina la bibi yao, kama ilivyo desturi. Gudulia lilikuwa moja. Winfrida alifungua kumbukumbu za mtambo. Jina lile lile, mwaka ule ule wa kukadiria, tarehe moja Januari. Kioteshafigo kilidhani ombi la pili ni marudio ya la kwanza, kikaimwaga damu iliyokuja nalo. Figo iliyokuwepo ilikuwa ya yule mdogo.

"Yaani mashine imetuona mtu mmoja?" aliuliza yule mkubwa.

"Ndiyo, bibi. Kosa ni langu. Nisamehe."

"Mimi na huyu? Huyu nimembeba mgongoni! Nimempangusa makamasi!"

Mdogo wake alicheka kitandani, kisha akaanza kulia. "Dada, wakupe wewe kwanza. Mimi nitangoja."

"Ingekuwa yangu ningekataa? Imeoteshwa kwa damu yako. Lala, mdogo wangu, wakutibu."

Winfrida alikaa palepale akaifuta amri yake. Akaufundisha mtambo kupokea neno "haijulikani" mahali pa siku, na kumtenganisha mgonjwa na mgonjwa kwa damu yake. Ilikuwa kazi ndogo sana, na hilo ndilo lililomuuma. Kisha akaandaa upya ombi la yule mkubwa.

"Itachukua miezi minne?" aliuliza bibi.

"Minne."

"Nitafika?"

Winfrida alitamani kumdanganya. "Daktari anasema huenda usifike, bibi."

Mzee aliunyosha mkono wake atolewe damu upya.

"Tuma tu, mjukuu wangu. Siku niliyozaliwa hakuna aliyeishika. Nitakayokufa mtaiona wenyewe. Hiyo iandikeni sawasawa."

Winfrida akatuma ombi, huku machozi yakimtoka. Lilikubaliwa mara moja.