Taa Nyekundu ya Koni

Bibiane alikuwa akifunga bendeji, mzunguko juu ya mzunguko, katikati ya kelele za soko la Likasi. Kijana mwenye ovaroli ya buluu alikuwa amejikata kwa bati.

"Mukono ingine iko muzima," kijana akasema. "Ufunge nayo, nikae tena kidogo."

"Tulia, baba. Miye niko najifunza."

Aliitwa Hilaire, fundi wa kituo cha umeme cha Koni. Kabla fundo la mwisho halijakazwa, alikwisha kujua kwamba Bibiane alikuwa anasomea uuguzi, na kwamba akianguka mtihani mara ya pili angerudi Kapolowe kulima mihogo.

Baada ya wiki mbili Hilaire akamletea sanduku la mbao: maswali ishirini, kila swali na vitufe viwili na taa mbili, nyekundu na kijani.

"Huyu mwalimu hachoke, hagombeze. Bonyeza jibu, atakuambia."

Bibiane akabonyeza. Muntu akiungua, tuanze na maji baridi ao mafuta ya mawese? Maji. Nyekundu ikawaka. Kumbe mafuta, akawaza, akakariri.

Ijumaa akajibu hivyo mbele ya Masera Mélanie, mtawa aliyewafundisha. Darasa zima likacheka.

"Jumatatu ukinijibu vile," Masera akasema polepole, "utaanguka. Ni mtihani, si mchezo."

Jioni Hilaire akapiga simu kwa mlinzi wa shule, akamtaka Bibiane.

"Anasema amekufa," mlinzi akamjibu.

"Basi kesho nitakuja matanga."

Akaja kweli, shati jeupe limepigwa pasi, suruali pana chini. Bibiane akaweka sanduku miguuni pake.

"Ulinifundisha uongo, Hilaire."

Hilaire akabonyeza maji. Nyekundu. Akatabasamu.

"Si unaona? Iko muzuri."

"Muzuri? Nyekundu?"

"Kwetu Koni, nyekundu ni kusema courant ya umeme inapita, mashine inazunguka. Rangi ya majani, yote imelala."

"Ku hôpital nyekundu ni hatari, weye."

Wakatazamana. Bibiane akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Siku ya kwanza niliona nyekundu kumi na saba."

"Basi ulijua kumi na saba, mupenzi. Hata mbele ya sanduku kukufundisha."

Hapo ndipo alipocheka, na macho yamelowa.

Hilaire akatoa bisibisi, akaanza kubadilisha taa, swali baada ya swali, huku Bibiane akijibu kwa sauti. King'ora cha kampani kilipolia, maswali kumi na mawili yalikuwa tayari. Akachomeka kikaratasi kipya mahali pa swali la ishirini: *Utakubali nikuoe?*

Bibiane akasoma mara mbili. Akabonyeza. Nyekundu.

"Ile ni ya hôpital," Hilaire akauliza kwa sauti ndogo, "ao ya Koni?"

"Ya Koni. Ile moya usiiguse." Akafunika sanduku kwa kitenge. "Zile saba zinabakia, kesho misa ikiisha."