Uso wa Sohvi Ubavuni mwa Behewa

Ilikuwa Januari, na mchana wa mji wa Oulu, kaskazini kabisa, ulikuwa umeshakwisha hata kabla watu hawajatoka kazini. Tuulikki aliingia kwenye karakana ya treni na hita yake ya mkononi ya kulainishia gundi, akiwaza tu atapika nini jioni. Kazi ilikuwa ndogo: kubandua tangazo la maziwa kwenye behewa la abiria. Mkataba wa tangazo hilo ulikuwa umeisha.

Lakini uso kwenye tangazo lile ulikuwa wa binti yake.

Sohvi alipigwa picha hiyo kabla ya kuhamia mji wa Turku, kusini, kusoma. Tuulikki mwenyewe ndiye aliyeibandika, pande zote mbili za behewa, uso mkubwa kama mlango, ukicheka. Wenzake walimtania kwamba sasa anamsafirisha mtoto bure nchi nzima.

Mwenzake, Veijo, alikuwa ameshabandua upande wa pili asubuhi. Alimwachia upande huu, akaenda kuchemsha kahawa.

Tuulikki alipasha moto kidevu cha picha. Akaingiza ncha ya kisu, akavuta.

Stika ikaja kirahisi mno... laini, yenye unyevunyevu. Harufu iliyotoka haikuwa ya gundi. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua. Akazima hita, akashika shavu ambalo moto haukuwa umelifikia.

Lilikuwa na joto.

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa Sohvi, analia.

"Mama... kidevu kinaniwaka. Kama mtu ananichuna ngozi."

 Tuulikki akaibonyeza mahali pake ile ncha ya stika aliyoibandua, akailainisha kwa kiganja, polepole, kama alivyokuwa akimpaka mtoto mafuta. Kwenye simu kilio kikapungua. Kikawa kwikwi.

"Kimepoa," Sohvi alinong'ona. "Ila upande wa kushoto wa uso... sisikii kitu. Tangu asubuhi."

Veijo alirudi na vikombe viwili, akamkuta amekaa chini sakafuni. Alipoelezwa hakucheka. Alivitua vikombe. Akasema kwamba miaka ya nyuma alibandua kwenye behewa hilihili picha ya mwanamichezo wa kuruka na ski, zile mbao ndefu za kuteleza thelujini. Wiki ileile yule kijana alipooza uso. Watu walisema ni baridi, naye akataka kuamini hivyo.

Tuulikki alimuuliza zile stika alizobandua asubuhi ziko wapi.

"Nimezitupa, Mama Sohvi," alijibu, akitazama chini. "Gari la taka limeshapita."

Walikimbilia dampo. Walichokuta ni moshi wa tanuri la kuchomea taka.

Madaktari wa Turku walisema ni mshipa wa fahamu. Huenda utapona, huenda usipone. Sohvi akajifunza kunywa kwa upande mmoja wa mdomo. Nao wakubwa wa karakana wakauliza kwa nini tangazo bado lipo upande mmoja. Wakapanga behewa lipelekwe kusini likasuguliwe mpaka chuma.

Usiku wa kuamkia safari, Tuulikki na Veijo walifungua skrubu za bamba la ubavu wa behewa lenye ule uso, wakafunga jingine la akiba. La Sohvi wakalibeba kwa gari la Veijo hadi nyumbani kwa Tuulikki, wakaliegemeza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kando ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, mahali pasipoingia baridi. Tuulikki akalifunika blanketi. Kila jioni alikwenda kuligusa.

Kila jioni lilikuwa na joto.

Juzi, theluji ikianguka, alilifunua kama kawaida, peke yake, akiwa na tochi. Macho ya picha yalikuwa yamefumbwa.

Tochi nusura imponyoke. Alipiga simu Turku. Ikaita... ikaita... Hatimaye Sohvi akapokea, sauti nzito ya usingizi, akasema alikuwa amejilaza tu kidogo. Tuulikki alishusha pumzi, akalia kimyakimya, akasema hakuna kitu, alale tu.

Alipoinua tochi tena, macho ya picha yalikuwa wazi. Yalimtazama.

"Ajabu, Mama," Sohvi alisema taratibu. "Nakuona. Umeshika tochi."



Macho yale yakasogea kidogo, yakapita juu ya bega la Tuulikki.

"Mama... huyo aliyesimama nyuma yako ni nani?"