Kikombe cha Mke

Sokoni Tarime, asubuhi ya baridi, mikono ya watu wawili ilishika sweta moja la bluu kwenye lundo la mitumba.

“Dada, hilo la kiume,” alisema kijana mrefu aliyevaa shati la khaki la madereva wa watalii.

“Kwani baridi nayo inachagua?” alijibu Honoratha.

Isack Wangwe akacheka, akaliachia. Honoratha, muuguzi wa Bukoba aliyepangiwa kazi Tarime, aliondoka na sweta pamoja na namba ya simu. Ndivyo mapenzi yalivyo. Moyo hutangulia, akili hufuata inahema.

Kila Isack alipotoka kambini Serengeti, alipitia chumbani kwa Honoratha, mtaa wa Bomani. Siku moja alileta kikombe cha udongo kilichofungwa kwa magazeti, cheupe, kimezungushiwa maua mekundu yaliyochorwa kwa brashi.

“Mgeni wangu Mjapani kanipa. Kimefinyangwa kwa mkono, mama. Duniani hakuna cha pili.”

“Kama mimi?”

“Kama wewe kabisa.”

Honoratha aliamini, maskini. Kwa ajili ya Isack alikataa uhamisho wa kurudi kwao, na baba yake alishaambiwa asubiri barua ya posa mwezi huo.

Wilaya ya Serengeti ilipopungukiwa wauguzi wa kampeni ya matone ya polio, Honoratha aliazimwa kwa siku nne. Hakumwambia Isack. Alitaka kumshtukiza kambini Jumapili, ndani ya gauni jipya la kitenge.

Ijumaa alifika mtaa wa Morotonga, kwenye nyumba ya mama mcheshi aliyeitwa Bernadetha. Honoratha alimpa Mokami, mtoto wa mama huyo, matone, akamtia wino kidoleni.

“Kaa kwanza unywe chai, nesi. Umetembea sana.”

Chai ililetwa kwenye kikombe cheupe chenye maua yaleyale mekundu, ila hiki kilikuwa kikubwa zaidi.

“Umekipata wapi, dada?” Honoratha aliuliza.

“Isack, mume wangu, alipewa na Mjapani. Vilikuwa viwili, kikubwa cha mume, kidogo cha mke. Changu kilivunjika njiani. Alisikitika mpaka nikamwonea huruma!”

Honoratha aliumia kama aliyepigwa kofi mbele za watu. Mwaka mzima alikuwa akibembelezwa kwa kitu cha mwanamke huyu, naye akijiona malkia! Alitaka kulia, akaona aibu kulia mbele ya mtu ambaye hajui bado kwamba naye ana la kulilia.

Simu yake ikaita. Alikuwa Isack. Angeweza kutoka nje, lakini akinyamaza leo atakuwa mwongo wa pili katika nyumba hii. Akaweka spika.

“Nambie, mke wangu mtarajiwa! Baba kapokea barua?”

Bernadetha aliinua kichwa. Sauti ile ilikuwa imemwamsha yeye asubuhi hiyohiyo, ikimuulizia mtoto.

“Isack, nipo Morotonga,” alisema Honoratha. “Nimekaa sebuleni kwako.”



“Honora, mpenzi, nisikilize…”

“Nimekusikiliza vya kutosha. Kikombe cha mkeo kiko chumbani kwangu Bomani, hakina hata ufa. Haya, ongea na mwenyewe.”

Bernadetha alipokea simu kwa mikono miwili. Alimtazama Honoratha, kisha akasema polepole:

“Baba Mokami, hebu nieleze tena. Kilivunjikia wapi?”