Harufu ya Kikombe cha Saba

Kila asubuhi kabla ya shule, Nelvine alichuma chai pamoja na nyanya yake katika shamba lao dogo karibu na Roret. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Vidole vikienda, midomo ikinyamaza. Kimya hicho alikipenda. Shuleni, katika darasa la saba, kilimtesa, kwa maana mbele ya watu ulimi wake uligeuka jiwe.

"Hata dawati linakushinda kuongea," Weldon, aliyeketi naye, alizoea kumtania. "Dawati angalau hulia likikaliwa."

Alhamisi moja ya mwaka 1994, Mwalimu Onyancha aliwapeleka kutembelea kiwanda cha chai. Walivishwa makoti meupe yaliyoburuzika sakafuni. Weldon aliwasalimia wafanyakazi wote kwa mkono na kuandika majina yao daftarini. Nelvine alifuata nyuma, ameduwaa. Majani aliyozoea kuyabeba mgongoni yakiwa mabichi yalipita katika mashine zinazonguruma, yakakatwakatwa, yakageuka rangi ya shaba, yakatoka tanurini meusi.

Kisha wakaingia chumba cha kuonjea. Mngurumo ukabaki nje. Vikombe vyeupe kumi na viwili vilipangwa mstari kando ya dirisha, na chai ndani yake iliwaka kama jua la jioni. Mwonjaji, mama mwembamba aliyeitwa Madam Wakonyo, alichota kijiko, akaifyonza chai kwa sauti kali kama kitambaa kinachopasuliwa, akafumba macho, akatema ndani ya ndoo. Hakusema neno. Akahamia kikombe cha pili. Nelvine alisogea karibu na vikombe. Kumbe duniani kuna kazi ya kunyamaza na kunusa.

"Jumamosi nitamkaribisha mmoja wenu, ashinde nami hapa akijifunza," Madam Wakonyo alisema alipomaliza. "Atakuwa yule atakayeniuliza swali zuri kuliko wote."

Mikono ikainuka kama mahindi. "Madam, na chai yote hii, wewe hulala usiku?" Weldon aliuliza, na darasa likaangua kicheko.

Nelvine alikuwa na swali. Kikombe cha saba kilikuwa na harufu aliyoijua tangu utotoni. Lakini nyumbani alifunzwa kwamba mtoto hasemi mbele ya wakubwa kabla ya kuulizwa, na lile jiwe likamlemea kinywani. Wenzake wakatoka. Nafasi yake ikatoka nao.

Makoti yalikuwa yameachwa rundo kwenye benchi. Nelvine akabaki akiyakunja. Vidole vikienda, chumba kikiwa kimya kama shambani, ulimi ukaanza kulegea.

"Madam, samahani," alinong'ona. "Mbona kikombe cha saba kinanukia kibuyu cha mursik?"

Madam Wakonyo aliweka kijiko chini. "Kibuyu hicho kinanukiaje?"

"Kinanukia moshi. Nyanya hukisugua ndani kwa mkaa kabla ya kutia maziwa yagande. Kwa maziwa ni tamu. Kwa chai sijui."

Mama yule alikirudia kikombe cha saba, akafyonza, akafumba macho kwa muda mrefu. "Nilidhani ulimi wangu umechoka," alisema polepole. "Moshi unapenya tanurini. Njoo Jumamosi, binti. Na usiogope. Mimi pia nilianza kazi hii nikijificha nyuma ya mlango."

Jumamosi ile, Madam Wakonyo alimpeleka kwa Chepyegon, aliyekuwa akiziba ufa wa bomba la moshi. Chepyegon naye akampeleka kwa Rebeccah, mpimaji wa majani mabichi. Kila mmoja Nelvine alimwuliza swali moja tu, akasikiliza jibu hadi mwisho.

Jumatatu darasani Weldon alisimama akasoma majina ishirini na matatu ya wafanyakazi aliowasalimia kiwandani.

"Huyo Chepyegon anafanya kazi gani?" Mwalimu Onyancha aliuliza.

Weldon alikuna kichwa. "Ana mkono mgumu, mwalimu."

"Ni fundi wa tanuri," Nelvine alisema akisimama. Darasa zima likageuka. "Huujua moto kwa sauti yake. Amesema nirudi likizo anionyeshe."

Mwalimu alimgeukia Weldon. "Kusalimia watu ni kuzuri, Weldon, usiache. Lakini kujuana hakupimwi kwa wingi wa majina. Na aliye mkimya asingoje awe mtu mwingine ndipo awaendee watu. Amtafute mmoja, amwulize jambo analotamani kulijua kwa dhati, kisha asikilize. Huyo mmoja atamfungulia mlango wa pili."

Nelvine alipoketi, Weldon alimwinamia sikioni. "Kumbe dawati huongea hata bila kukaliwa."