Taa ya Nne

Njia panda ya Sabili, pale mtaa wa Shubra, ina barabara tatu. Upande wa nne ni ukuta wa hamamu la zamani, nyumba ya kuogea kwa mvuke, lililofungwa kabla Nagwan hajazaliwa. Kwa hiyo alipoona taa nne za barabarani kwenye kompyuta yake alicheka, akafuta kioo kwa mkono wa blauzi, akatazama tena. Nne. Na ile ya nne ilikuwa inaruhusu magari yatoke ukutani.

"Medhat, umechomeka nini huko?"

"Nimechomeka ulichonipa, tatu," pacha wake alijibu kutoka juu ya ngazi. "Kwani hesabu imekushinda, na uhandisi wako wote huo?"

Kazi yao ndiyo hiyo, na waliionea fahari kupita kiasi. Taa zao hazikungoja fundi wa jiji. Unachomeka kisanduku kwenye nguzo, chenyewe kinapiga hodi mtandaoni, mtandao unakikaribisha papo hapo, na taa zinaanza kusemezana mtaa mzima. Nagwan alitia hata sauti yake kwenye spika, kwa ajili ya vipofu: subiri, subiri, sasa vuka. Jiji liliwapa mwezi wa Ramadhani wajaribu.

Lakini siku ya kuchimba shimo la nyaya, Nagwan alikuwa amemwaga humo maji yaliyobaki kwenye birika la chai, yakichemka. Mtoto yeyote wa Shubra anajua kwamba humwagi maji ya moto ardhini bila kusema "dastur", yaani kuwapigia hodi majini, wenyewe wa chini, ili wasogee.

"Hukusema dastur!" Medhat aliruka nyuma siku ile.

"Si wana masikio? Wamesikia birika. Wahame!"

Sasa kabati la nyaya, juu ya shimo lile, lilinuka sabuni ya waridi na masizi yaliyolowa. Nagwan alijiambia ni bomba la maji machafu limepasuka.

Jioni, jua likikaribia kuzama, Medhat alisimama katikati ya njia panda kama kila siku, akigawa tende kwa madereva ambao adhana ingewakuta njiani. Ghafla taa zote tatu zikawa nyekundu. Honi zikalia, zikakatika. Farasi wa mkokoteni wa muuza vitunguu akasimama kwa miguu ya nyuma, na kitu ambacho hakuna aliyekiona kikatoka ukutani, kikapita kwa uzito kati ya magari, kikaacha mvuke juu ya lami. Medhat alipiga kelele. Mkono wake ulikuwa umejaa malengelenge, kana kwamba ameutia kwenye sufuria.

Nagwan alikimbia akang'oa nyaya zote. Taa ziliendelea kuwaka. Kisha spika ikasema, kwa sauti yake yeye, taratibu kabisa: "Kesho, mwenye tende avuke."

Nagwan akazitupa nyaya chini, akakimbia kutafuta msaada.

Mama yao mdogo Inshirah, mganga wa zari, ngoma ya kutuliza majini, alikuja na chetezo chake. Alinusa kabati, akarudi nyuma.

"Ni mzee wa hamamu," alinong'ona. "Umemuunguza. Mtulize, mwanangu. Kondoo mweusi, pete ya fedha, na umwachie njia kila magharibi."

"Na Medhat?"

Inshirah akashughulika na makaa.

"Basi hapana," alisema Nagwan. "Kumuunguza nilimuunguza, nitamwomba radhi. Lakini ndugu yangu simtoi, na barabara si yangu niigawe."

"Jini habishiwi, wee mtoto!"

"Huyu atabishiwa."

"Na mimi kesho nipo palepale," alisema Medhat, akiupulizia mkono wake. "Nikijificha atanifuata nyumbani, na watu watakosa tende bure."

Usiku kucha Nagwan hakulala. Alikuwa ameona kosa lake la pili, na lilimuuma kuliko la kwanza: mtandao wao ulimkaribisha yeyote aliyepiga hodi. Akaubadilisha. Kuanzia sasa, anayebisha hodi atangoja mpaka binadamu aitikie kwa mkono wake.

Magharibi ilipokaribia, nyaya zikiwa zimerudishwa, alikaa juu ya kabati, kompyuta mapajani, akazitoa taa zote mtandaoni. Taa zikazimika. Moja ikapiga hodi, akaikaribisha. Ya pili, ya tatu. Ndipo chini ya lami kukaanza kuchemka, mlio wa sufuria kubwa chini ya miguu ya watu, na mvuke ukapanda kutoka shimoni ukinuka waridi na masizi, na spika ikasema mwenye tende avuke, mwenye tende avuke, na Medhat, macho yamemtoka, akaanza kutembea kuelekea ukutani ingawa mwili wake wote ulikuwa ukijivuta nyuma, tende zikimdondoka moja moja, na pale ukutani ikawaka taa ya kijani mahali pasipo na nguzo wala waya.

"Maji nilikumwagia mimi!" Nagwan alipaza sauti, machozi yanamtoka. "Nisamehe, nilikukosea. Lakini njia ni ya watu, na huyo ni wangu. Ukitaka kupita, piga hodi kama wengine!"

Medhat alikuwa ameshagusa ukuta. Kwenye kioo, ombi la nne likajitokeza.

"Dastur," ilisema spika.

Inshirah, aliyekuwa kando, alidondosha chetezo. Maisha yake yote aliwafundisha watu kuwaomba majini; jini akiomba hakuwahi kusikia.

"Sikupi," alisema Nagwan, akabonyeza kitufe cha kukataa.

Kijani kikazimika. Mzinga wa kufuturu ukalia. Medhat akaketi chini palepale, akaokota tende vumbini, akaila.

Jini hakuondoka. Kila magharibi anabisha hodi, na kila magharibi Nagwan anafuturu juu ya kabati ili amjibu. Siku ya Idi pacha wake alikaa kando yake akitafuna biskuti za Idi, spika ikakoroma.

"Dastur, dada," ilisema, safari hii kwa sauti ya Medhat. "Nifungulie. Ni mimi."

Medhat aliacha kutafuna. Nagwan alimshika mkono wenye makovu, akaubana.

"Sikupi," alisema. "Hata ukija na sauti ya marehemu mama."

Spika ikaanza kukohoa kikohozi cha mama yao. Nagwan akabonyeza kitufe kilekile cha kukataa.