Bwana Karibu na Trei za Mayai

Ukungu ulikuwa bado umelala barabarani. Bwana Karibu alipakia mayai ya kupeleka hospitali ya mjini kwenye pikapu yake, trei juu ya trei, polepole, kama mtu anayembeba mtoto aliyesinzia. Mayai yaling'aa kama miezi midogo. Mkewe alifunga kamba huku akipiga miayo.

Jina la Karibu alipewa na majirani. Mlangoni humpisha kila mtu. Kwenye foleni ya maji humpisha kila mtu. Walisema hata nzi akitua kwenye chai yake, humwuliza kama sukari imekolea.

Mjini kulikuwa na mzunguko wa barabara, katikati una nyasi na maua. Bwana Karibu aliupenda sana. Akiuzunguka, alijiona anaelea majini, na magari ni samaki wanaopita. Asubuhi hiyo, akiwa ndani ya mzunguko, akaona teksi pembeni inangoja kuingia. Adabu ikampanda. Akasimama palepale, akapunga mkono.

"Karibu, ndugu yangu! Pita!"

Teksi ikasita. Lori lililokuwa nyuma ya Bwana Karibu halikutegemea. Likafunga breki, likamgonga, pu! Hakuna aliyeumia. Mayai ndiyo yaliyopasuka.

Mpishi wa hospitali alizitazama trei zikichuruzika. "Mzee, hii ni mara ya tatu. Wagonjwa wangu hawali maganda. Kesho yakivunjika tena, natafuta mtu mwingine."

Jioni, jirani yao, mama aliyefundisha udereva, aliwakuta wamenuna kama viatu vilivyonyeshewa.

"Shemeji, kuna msiba?"

"Wa mayai," alijibu mke. "Mwulize huyu mstaarabu wangu."

"Nilimkaribisha mwenzangu tu," alisema Bwana Karibu.

"Ukiwa wapi?"

"Ndani ya mzunguko."

"Haya! Adabu ya sebuleni umeipeleka barabarani! Mama, nipe sinia na mayai yaliyopona."

Aliweka yai moja juu ya sinia, akalizungusha taratibu kufuata ukingo. Lingine akaliweka nje.

"Hili la nje linataka kuingia. Lifanye nini?"

"Lipishwe," alisema Bwana Karibu. "Si mgeni?"

"Lisubiri! Lipunguze mwendo, litazame kulia, magari yanakotokea. Aliyemo ndani ndiye mwenye njia. Nafasi ikipatikana, liingie."

"Na mimi niliyemo ndani?"

"Usisimame kumkaribisha mtu. Wa nyuma hajui moyo wako mzuri, anaona breki tu. Ukikaribia kutoka, washa indiketa ya kushoto. Kisha waangalie wanaovuka kwa miguu. Hao ndio uwapishe."

"Lakini ni kiburi, jamani."

"Kiburi ni kuwachanganya wenzako, halafu ukasema ni heshima."

Mke alicheka hadi akaegemea ukuta. Bwana Karibu alilichukua yai, akaendelea kulizungusha mpaka akasinzia kitini. Akaota kuku wanaendesha magari kuzunguka sinia kubwa la fedha. Kila kuku alingoja pembeni, akachungulia kulia, akaingia. Hakuna aliyewika.

Kesho yake mkewe alipanda naye. Kwenye mzunguko Bwana Karibu akapunguza mwendo, akatazama kulia. Gari likapita. Nafasi ikaja, akaingia. Mbele, basi lilikuwa linangoja pembeni. Mkono wake ukaanza kuinuka wenyewe.

"Baba watoto," alinong'ona mkewe, "huo mkono una kazi nyingine."

Mkono ukashuka, ukawasha indiketa. Basi likangoja. Pikapu ikaelea, ikatoka, ikasimama kumpisha bibi aliyekuwa anavuka na kikapu.

Mpishi wa hospitali alikagua trei zote. Akageuza hata yai la mwisho. "Leo wagonjwa watakula," akasema. "Kesho lete tena."

Waliporudi, mke aliingia ndani kuchukua ndoo. Alipokuwa anatoka, Bwana Karibu alikuwa mlangoni, njaa imemshika. Wakakutana uso kwa uso. Akarudi nyuma, akainama.

"Pita, mama. Aliyemo ndani ndiye mwenye njia."

"Na chakula kimo ndani," alisema mkewe akipita na ndoo yake. "Haya, nafasi hiyo. Ingia."